Fundi Hakikisha na Risasi ya Mlimani

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mliofanya kazi na marehemu, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha yake kabla hatujampeleka kwenye nyumba yake ya kudumu, na imenituma niyasome yote, kwa sababu tunajua, wala hatutajifanya hatujui, kwamba wengine mliokaa hapa hamkuja kulia tu, mmekuja pia kusikia tutasema nini kuhusu siku ile ya mlimani, na mnangoja kuona kama tutaipita kimyakimya kama gari linavyopita kituo kisicho na abiria. Hatutaipita.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi wa mabehewa na mkewe, mshona mito, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako vikombe viligongana kabatini kila treni ya mizigo ilipoingia, na mama yetu, aliyekwisha kututangulia, alikuwa akisema kwamba huyu alizaliwa na shaka yake mkononi, ukimpa uji anaukoroga kwanza hadi chini kuona kuna nini, ukimwambia baba karudi anakwenda dirishani kutazama mwenyewe, na ukimwambia lala hakuna kitu uvunguni, anakuomba taa.

Alianza mwaka 1965 shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1971, akaendelea na sekondari ya kutwa hadi mwaka 1975, kisha akachaguliwa kujiunga na chuo cha ufundi, tawi la umeme na mitambo, ambako alisoma kuanzia 1976 hadi mwishoni mwa 1977, na wenzake wa bwenini, wawili kati yao tunao hapa, wanakumbuka siku mwalimu alipowahakikishia wanafunzi kwamba waya fulani haukuwa na umeme, wote wakaushika isipokuwa yeye, akaenda kuchukua kipimio, akaupima, kweli haukuwa na umeme, darasa zima likamcheka hadi likachoka, naye akasema, "Sasa najua. Mwanzo nilikuwa nimeambiwa tu."

Tarehe 3 Aprili 1978 aliajiriwa na hospitali kuu ya mji kama msaidizi wa fundi wa lifti, hospitali iliyokuwa na lifti mbili, moja ya vitanda vya wagonjwa na nyingine ya wageni na matoroli ya chakula, na ofisi yake kwa miaka yote hiyo ilikuwa chumba cha mashine juu ya paa, chenye harufu ya grisi, kalenda ya kampuni ya feni belti, kiti chenye mguu mmoja mfupi alichokataa kukitengeneza kwa kuwa kilimzuia kusinzia, na dirisha dogo ambalo mlima wote ulionekana ndani yake kama picha iliyotundikwa. Hakuwahi kumruhusu mtu kupanda lifti aliyoitengeneza kabla ya kuipanda yeye mwenyewe, juu na chini, juu na chini, madaktari wakisubiri na saa zao mikononi, na neno alilokuwa akiwaambia vijana wake kila walipofunga kifuniko, "hakikisha", ndilo likawa jina lake, hata mishahara ilipokuja mhasibu aliita "Hakikisha!" naye akaitika. Alipanda cheo hadi kuwa fundi mkuu, akastaafu kwa heshima tarehe 30 Juni 2017.

Ndoa yake aliipata kazini, na hili tunalisema kwa ruhusa ya mjane, kwani mwaka 1982 lifti ya wageni ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, ndani yake akiwemo msichana mwalimu wa chekechea aliyekuja kumwona mama yake aliyelazwa, na marehemu akainama juu ya shimo la lifti akapaza sauti, "Dada, uko salama? Kaa chini, usisimame!" naye akajibiwa kutoka gizani, "Sikai, sakafu chafu! Na wewe nani, nitajuaje kwamba wewe ni fundi kweli?" Alituambia baadaye kwamba alipoulizwa swali hilo alijua amempata mtu wa kwao. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Desemba 1983, na Mungu akawajalia watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa 1985 ambaye ni mfamasia, wa pili wa kiume aliyezaliwa 1988 ambaye ni dereva wa magari makubwa, na kitinda mimba wa kike aliyezaliwa 1992, anayefanya kazi ya kuchora ramani.

Mwaka 1987, baada ya miaka mingi ya kuutazama mlima kupitia dirisha la chumba cha mashine, marehemu aliamua kwamba kitu anachokiona kila siku lazima akakihakikishe, akaanza kuupanda kwa miguu siku za Jumapili, na polepole wakawa watatu wasioachana, yeye mwenyewe, muuguzi wa chumba cha upasuaji ambaye hospitali nzima inamwita Nesi Mkubwa, na shemeji yake, mdogo wa mke wake, muuza rangi za nyumba, kijana mcheshi, mwenye sauti kubwa, anayetumia mkono wa kushoto, ambaye mama yake alikuwa amemzaa peke yake wa kiume na alimpenda bila kificho. Walipanda kwa sababu ya kupanda tu, wakala mkate wao kwenye uwanda wa juu, wakashuka, na Jumatatu marehemu alikuwa kazini magoti yakimuuma na uso ukicheka.

Mwezi Agosti 1994, katika njia hiyohiyo waliyoizoea, mwalimu mmoja wa jiografia aliyekuwa akitembea peke yake aliuawa na nyati, na ndipo marehemu, ambaye hakuwahi kuliamini gogo kabla ya kulisukuma kwa mguu, alipoanza kuushuku mlima, akaenda polisi kuomba kibali cha kumiliki bunduki, akahojiwa, akapelekwa kwenye uwanja wa shabaha, akafeli mara ya kwanza, akarudi, na mwaka 1995 akapewa kibali, akanunua bunduki kuukuu ya askari wa misitu aliyestaafu, na ofisi ya msitu ikamruhusu kuibeba kwenye njia ya wapandaji kwa kujikinga tu. Mke wake hakuipenda kabisa, alisema nyumba yenye bunduki ina mgeni asiyelala, kwa hiyo marehemu aliifungia kwenye sanduku la chuma, ufunguo akauvaa shingoni, na njiani aliipa bunduki nafasi ya mwisho kabisa, kwanza alibeba kikombe cha bati na kijiko akakigonga kila penye kona na kila penye mianzi mizito, ili mnyama asikie kwamba watu wanakuja na apate muda wa kuondoka kwa heshima yake, akiwaambia wenzake, "Nyati hataki kutuua, anataka tusimshtue. Kikombe ndicho kinachotulinda, hii ni ya siku ambayo kikombe kimeshindwa." Kwa miaka minne kikombe hakikushindwa, na shemeji kwa miaka minne hiyo alimwomba abebe bunduki hata hatua kumi, akakataliwa, kwa sababu kibali kilisema wazi kwamba haitabebwa na mtu mwingine yeyote, na wengi wenu mliwasikia wakibishana juu ya jambo hilo, mara kwa utani, mara si kwa utani.

Sasa tunafika Jumapili ya tarehe 14 Machi 1999. Kilichojulikana na watu wote ni hiki, kwamba walipanda watatu na mchana walirudi wawili wakimbeba wa tatu kwa koti la mvua lililofungwa kwenye fito, kwamba shemeji alikuwa amejeruhiwa vibaya tumboni na pajani, kwamba risasi moja ilikuwa imefyatuliwa, na kwamba alikata roho kwenye kibanda cha geti la msitu kabla gari halijafika. Askari alimuuliza marehemu, "Bunduki ya nani?" akajibu, "Yangu," akaulizwa, "Nani alifyatua?" akajibu, "Mimi," na Nesi Mkubwa, aliyekuwa amekaa sakafuni na damu hadi viwikoni, akainua kichwa akamtazama, kisha akakiinamisha tena. Daktari aliandika kwamba majeraha ni ya pembe, askari wa misitu walifuata matone ya damu ya nyati hadi bondeni yakawapotea, mnyama mwenyewe hakuonekana, faili likafungwa, na bunduki ikarudishwa kwa mwenyewe mwezi Oktoba.

Faili lilifungwa polisi, likafunguliwa mitaani. Mama mkwe wake, ambaye yuko hapa mbele, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mwanamke aliyetumia nusu ya maisha yake kuwahoji wanafunzi mamia kwa mamia juu ya sukari iliyopotea stoo, aliruhusiwa kumwona mwanawe kuanzia kifuani kwenda juu tu, kwa kuwa palipobaki hapakufaa macho ya mzazi, na kwenye bega la kushoto aliona alama ya bluu, pana, kama mtu aliyepigwa kitu kigumu, na alipotoka nje alisema maneno matatu ambayo mji huu haukuyasahau: "Nyati hana ngumi."

Hakuna aliyelijibu hilo, na pasipo jibu watu hutia lao, wengine wakasema risasi ilimpata kijana na si mnyama, wengine wakasema walikuwa wakigombania bunduki na mmoja akampiga mwenzake kitako, wengine wakasema daktari na fundi hunywa chai meza moja, ataandikaje kingine, na Nesi je, si wa hospitali hiyohiyo, tena mwanamke asiye na mume anayekwenda porini kila Jumapili na mume wa mtu, hapo kuna kitu. Tuliyasikia yote. Familia hii haikuyasema, lakini nani kati yetu hakuyafikiria, maana tulipokuwa tukimkaribisha chai tulikuwa tukimtazama mikono.

Mama mkwe hakumtukana wala hakumfukuza, alifanya jambo lililo baridi zaidi, aliendelea kuja kuwaona wajukuu, marehemu akimwamkia, "Shikamoo, mama," yeye akajibu, "Haya," akapita, chai aliyomimina marehemu ikapoa mezani, na akienda hospitali kwa maumivu yake ya miguu alipanda ngazi za ghorofa zote kwa kushika ukuta, na aliposhauriwa atumie lifti akasema mbele ya foleni ya watu, "Kamba za yule mtu? Nilishampa roho moja, inatosha." Naye mke wa marehemu, aliyekuwa dada wa aliyekufa na mke wa anayeshukiwa katika mwili mmoja, alifua, akapika, akalea, akalala kitanda kimoja na mume wake, na hakumuuliza hata siku moja, kwa sababu, ametuomba tuliseme hili kama lilivyo, aliogopa jibu kuliko alivyoogopa kimya.

Marehemu mwenyewe hakupanda tena mlima, bunduki ilibaki sandukuni, Jumapili alitembea hadi getini na kurudi, na mtu yule ambaye zamani alishuku waya na magogo alianza sasa kushuku watu, akiingia chumba cha mashine na vijana wake wakanyamaza alijua walikuwa wakimsema, hata kama walikuwa wakisema mpira, akikuta mke wake ananong'ona na mama yake jikoni alirudi uani akasubiri wamalize, akisikia kicheko nyuma yake sokoni aligeuka, na mara moja aliniuliza mimi, tukiwa tumekaa barazani, "Wewe nawe unasubiri niseme?" nikamwambia, "Nisubiri nini, kaka?" akasema, "Haya, basi hakuna," na mimi nikashukuru kwamba ameacha hapohapo.

Mwezi Februari 2018, miezi michache baada ya kustaafu, alianza kuvimba miguu na kuchoka, akapimwa na kukutwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ileile aliyoitumikia, na kuanzia Juni 2019 akalazwa wodi ya ghorofa ya nne, kitanda cha dirishani, akawa mgonjwa msumbufu kwa upole, akimuuliza muuguzi kila kidonge ni cha nini, na akisikia lifti inaguna anamtuma mtu akawaambie vijana waitazame breki.

Tarehe 7 Julai mama mkwe wake, akiwa na miaka sabini na minane na magoti yasiyokubali tena ngazi, alifika hospitalini asubuhi bila kumwambia mtu, akasimama mbele ya lifti, akamshika mkono mjukuu wake mfamasia aliyemkuta hapo, akafumba macho, akaingia. Wodini aliwaomba wote watoke isipokuwa huyo mjukuu, aliyebaki kumshikia fimbo, na ndiye aliyetusimulia, kwa kibali cha bibi yake, maneno ninayoyasoma sasa.

Hakumpa pole. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akasema, "Miaka ishirini sijakuuliza kitu. Leo nakuuliza, na usinijibu kama ulivyowajibu polisi. Ile risasi aliifyatua nani?"

Marehemu aliugeuza uso kutoka dirishani, akasema, "Yeye, mama."

"Yeye nani?"

"Mwanao."

"Bunduki aliipata wapi?"

"Nilimpa mimi. Tulikuwa tunacheka."

Akamweleza kwamba walifika kwenye kijito, gogo la kuvukia limelowa, yeye akampa shemeji bunduki ashike ili alijaribu gogo kwa mikono miwili, na walipokwisha kuvuka wote alinyoosha mkono kuipokea, shemeji akairudisha nyuma ya mgongo akicheka, "Miaka minne nakuomba, shemeji! Mpaka uwandani tu, halafu chukua mali yako. Au nyani watakwenda kukushtaki?" na Nesi akacheka, na yeye pia akacheka, akasema haya, ila kizuizi cha kifyatuo kisiguswe na mdomo wa bunduki utazame juu, wakaenda, wakaendelea kucheka, na kwa kucheka huko kikombe hakikugongwa. Penye kona ya mianzi palikuwa na dume la nyati limelala peke yake, likainuka, likawatazama, marehemu akasema kwa sauti ya chini, "Usiinue. Rudi nyuma taratibu, linatutazama tu," lakini kijana alikuwa amekwisha kusukuma kizuizi, akaiweka bunduki begani haraka, kabla kitako hakijakaa akafyatua, dume likapata jeraha, likaja. Marehemu alilikimbilia akigonga kikombe na kupiga kelele kama mwendawazimu mpaka likageuka, ila lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake.

Mama mkwe akauliza, "Kwa nini ukasema ni wewe?"

"Askari aliuliza bunduki ya nani. Nikaona nikisema alifyatua yeye, watasema mwanao alimchokoza mnyama akajiua, na utayasikia hayo sokoni mpaka uingie kaburini. Nikaona pia nikisema nilimpa, nitafungwa, na watoto wangu wadogo. Yote mawili yalikuwepo, mama. Lipi lilitangulia sijui, nimejiuliza sana, sijui."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilisubiri mtu aniulize."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi sijakuamini bado," akasema, akachukua fimbo yake, akatoka.

Nesi Mkubwa alikuwa ghorofa ya pili, akitoka chumba cha upasuaji na kofia yake ya kijani kichwani, hana habari ya lolote, na mama yule hakumwamkia wala hakumpa nafasi ya kupumua, alimzuia mlangoni kwa fimbo, akauliza, "Bega la kushoto la mwanangu lilifanywa nini?"

"Ni kitako cha bunduki, mama," Nesi akajibu kabla hajafikiri, "ilimrudi, hakuwa ameikaza, nilimwona mimi mwenyewe..." halafu akaziba mdomo kwa mkono, maana kwa miaka yote ile alikuwa amenyamaza kwa sababu marehemu alimwomba, na kwa sababu alijua kwamba akifungua kinywa watasema anamtetea hawara wake.

"Endelea," mama akamwambia. "Aliyekufunga mdomo ameshaufungua."

Akasimuliwa pale pale, wamesimama, matoroli yakiwapita, na maneno yakalingana, kijito, gogo, kicheko, kikombe kilichosahauliwa, na bega la kushoto, ambalo mzazi alilijua kuliko wote kwa kuwa ndiye aliyempigania mwanawe shuleni walipotaka kumlazimisha kuandikia mkono wa kulia, na kwa miaka ishirini hakuwahi kufikiri kwamba mtu wa mkono huo hata bunduki ataiweka upande huo. Alirudi ghorofa ya nne, akasimama miguuni pa kitanda, marehemu akamwambia, kama alivyomwambia maelfu ya mara, "Shikamoo, mama," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu," akaomba maji ya kunywa, akampa marehemu kikombe ili yeye ndiye ammiminie, maji yakimwagika shukani, akasubiri mpaka kikajaa, akanywa.

Tungependa kuishia hapo lakini haikuishia hapo, kwa kuwa mke wa marehemu alipoambiwa na mama yake hakufurahi, alikasirika, akakaa siku kadhaa bila kukanyaga hospitali, akisema nyumbani kwa sauti ambayo majirani mliisikia, "Miaka ishirini nimelala na swali, jibu limelala upande wa pili wa mto!" na alipokwenda hatimaye alibeba wembe, sabuni na taulo, akaanza kumnyoa ndevu bila salamu, na katikati ya kunyoa akamuuliza, "Kwa nini hukuniambia mimi?" akajibu, "Hukuniuliza," naye akasema, "Na wewe si ndiye wa kuhakikisha kila kitu, mimi hukunihakikisha?" Akamaliza upande wa pili wa uso, akampangusa, na kuanzia siku hiyo hakulala tena nyumbani mpaka mwisho.

Marehemu alifariki dunia asubuhi ya Alhamisi tarehe 22 Agosti 2019, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, mke wake akiwa amemshika mkono na mvua nyepesi ikipiga dirishani, na kesho yake mjane, pamoja na mwanawe, waliipeleka bunduki kituo cha polisi pamoja na kibali chake, wakaikabidhi, wakarudi nyumbani wakalitoa sanduku la chuma nje, likabaki uani mlango wazi, kama mlivyoliona mlipokuwa mkiingia.

Tunajua bado wamo wenye shaka, na hatuwalaumu, mtasema familia inamsafisha mtu wake kwa kuwa hawezi tena kuhojiwa, mtasema mkwe amezeeka, Nesi ana lake, na kwamba aliyemwambia askari uongo siku moja anaweza kumwambia mama mkwe uongo siku nyingine. Sisi hatuna cha kuwaonyesha zaidi ya tulichosoma. Hatumwiti shujaa, alimpa mtu silaha ambayo sheria ilimkataza kumpa, kijana akafa, kisha akasema uongo uliomlinda kijana huyo na ukamlinda yeye mwenyewe vilevile, na akaulipia kwa kushukiwa kila siku ya maisha yake iliyobaki. Lakini mama wa kijana aliyekufa ndiye aliyetuagiza juzi, tulipomuuliza tuipunguze historia hii wapi, akasema, "Isomwe yote, nami nikae mbele, mwenye swali aniulize mimi." Amekaa mbele. Nesi Mkubwa amekaa pembeni yake. Mwenye swali aende akaulize, aulize kwa sauti, asiende nalo nyumbani.

Familia inawashukuru kwa moyo madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomhudumia mgonjwa aliyewahoji kuliko walivyomhoji, inawashukuru mafundi wa lifti wa hospitali waliopokezana kukaa naye mchana ili mjane apate kuoga na kula, inawashukuru majirani kwa maturubai, viti, kuni na machozi, inawashukuru askari wa misitu wa getini waliotuma mwakilishi, inamshukuru Nesi Mkubwa, ambaye jina lake lilipakwa matope kwa ajili yetu na hakulifuta kwa kututupia sisi, na zaidi ya wote inamshukuru mama mkwe wa marehemu, kwa kuuliza. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, ndugu watatu, na mama mkwe mmoja.

Kaka, ulituvumilia tulipokuwa tukikutazama kwa jicho la pembeni, leo tumekutazama usoni. Pumzika kwa amani.